Tulikotoka Sisi Walimu wa Ngoma

Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea ualimu. Tulikuwa walimu watatu katika ukumbi ule wa Kawangware, na wazazi walipoleta watoto wao walikuwa wakituuliza tulifundishwa wapi. Mzee wa akodioni alikuwa akijibu, "Nyumbani." Mama wa Kibera, aliyefundisha kucheza, alikuwa akijibu, "Harusini." Mimi nilikuwa mdogo wao kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu ila kuwaonyesha wao wawili. Wazazi wengine waliondoka na watoto wao. Waliobaki walikuwa watu waliojua kwamba kuna mambo hayana shule yake.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala zamani. Mwenye shamba, mzee wa kanisa aliyekuwa na nyumba nyingi za kupangisha, alikuwa akiweka humo mahindi na magome ya miti ya miwati kabla mji haujamfikia. Miwati ilipokatwa na watu wakaanza kujazana, ghala lilibaki tupu, mabati yake yakipiga kelele upepo ukivuma. Ndipo akampa mdogo wake afanye humo kazi ya muziki. Huyo mdogo ndiye mzee wa akodioni.

Baba yangu ndiye aliyeweka sakafu. Alikuwa fundi seremala kutoka Machakos, na sisi tulikuwa tukiishi Kongo, upande ule wa Kawangware wa nyumba za udongo zilizobanana. Sakafu ya ghala ilikuwa ya mchanga, na watu wakicheza vumbi liliingia ndani ya akodioni likaifanya ikohoe. Baba aliitwa, akaranda mbao moja moja, akazipanga mpaka usingeweza kupitisha kisu katikati. Alirudi nyumbani jioni na maranda nyweleni, akamwambia mama, "Ile sakafu nimeitengeneza kama kitanda cha mfalme." Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kifua kilimshika msimu wa baridi, akawa anakohoa na kukaa juani, kisha akashindwa hata kukaa. Tulimpeleka Machakos kumzika, tukarudi mimi na mama kwenye chumba chetu, na vifaa vyake vikiwa bado chini ya kitanda.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na mtu wa kunilipia karo. Mama aliuza mboga barabarani. Alitaka nijifunze kushona kwa fundi mmoja karibu na stendi. Siku moja, badala ya kwenda huko, nilienda ukumbini. Nilitaka tu kukanyaga kazi ya baba. Mlango ulikuwa wazi, na ndani wasichana walikuwa wamesimama mstari. Mwanamke mrefu mweusi, aliyejifunga nguo ya maua hadi kwenye visigino, aliacha ngoma akanitazama.

"Unataka nini, binti?"

"Nataka kuona sakafu."

Hakucheka. Alimwangalia mzee aliyekuwa ameketi na akodioni mapajani, na yule mzee akamwambia, "Huyo ni wa fundi. Wanafanana." Kisha mama yule akaniambia, "Vua viatu, uingie. Sakafu haionekani kwa macho peke yake."

Nilivua. Niliingia mwisho wa mstari, nikafuata miguu ya waliokuwa mbele yangu, na sikurudi kwa fundi wa nguo tena.

Wanafunzi walimwita yule mama Haboba. Ndivyo Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, wanavyomwita bibi, ingawa wakati huo hakuwa mzee sana. Alifundisha doluka, ngoma ya harusi za kwao. Kwa mgeni ilionekana kama haina kitu, maana miguu haiondoki sakafuni, inateleza tu. Mabega na shingo ndivyo vinavyofanya kazi, na mwanamke akicheza vizuri utadhani amebeba maji kichwani na hataki hata tone limwagike. Mzee naye alifundisha akodioni, na pamoja nayo mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu ya watu wawili wawili, hatua mbili kisha mnainama. Kijana mmoja alisimama kando akigonga kile chuma cha duara kinachoshika mapigo. Mzee alikuwa mkali kuhusu kuinama. "Usiiname kama mtu aliyeangusha kitu," alikuwa akisema. "Inama kama mtu anayesalimia mkwe."

Watu walisema mengi juu yao. Mwanamke Mwislamu wa Kibera na mwanamume Mkristo wa Kawangware, kila mtu bila mwenzi wake, wanafanya nini pamoja mchana kutwa? Mama yangu pia aliniuliza, na nilimwambia nilichokiona: mchana wanafundisha, jioni mzee anamsindikiza mpaka barabara ya Ngong, halafu kila mmoja anaenda kwake. Mama alisema, "Hiyo ndiyo inayonishangaza zaidi."

Walikutana katika hoteli moja ya watalii. Mzee alikuwa askari wa langoni, naye Haboba alikuwa katika kikundi cha kuwachezea wageni ngoma baada ya chakula. Siku moja kiongozi wa kikundi aliwaletea wanawake ngozi za kuvaa, na manyoya ya kichwani, akawaambia wageni wanataka kuona Afrika. Haboba alimwambia kwamba mama yake na mama wa mama yake walicheza wakiwa wamevaa nguo safi na kujipaka manukato, na hajawahi kumwona hata mmoja wao amevaa ngozi. Akaambiwa aivae au aondoke. Alipopita langoni na mfuko wake, askari alimwuliza mbona leo mapema.

"Nimekataa kuwa mnyama," alimwambia.

Mzee alikuwa amenunua akodioni kuukuu kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama nchi, na alikuwa akiwafundisha vijana wawili uani pale alipopanga. Alimwambia Haboba kwamba kuna ghala tupu alilopewa na kaka yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Mwenye shamba, yule kaka mkubwa, alikuwa akija Jumamosi alasiri. Aliketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini, akasikiliza. Yeye na mdogo wake walisalimiana kwa kichwa tu. Hakupiga makofi wala kusema neno, na muziki ukielekea kwisha aliinuka kabla ya mwisho akatoka. Nilidhani ni majivuno ya matajiri. Nilimwuliza Haboba, akanijibu, "Mambo ya ndugu wawili ulizia kwa mmoja wao. Mimi usiniulize."

Basi nikamwuliza mzee. Ilikuwa siku ya mvua, hakuna mwanafunzi aliyekuja, na tulikuwa tunabandika kitambaa kwenye mikunjo ya akodioni iliyokuwa ikivuja hewa. Nilimshikia, yeye akapaka gundi.

"Ndugu yako hapendi muziki?"

"Anapenda. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anacheza vizuri. Mimi nilipiga tu." Alifuta gundi kidoleni. "Akodioni yangu ya kwanza aliichoma yeye."

"Aliichoma kwa nini?"

"Ili wasiichome nyumba."

Halafu akanieleza, bila haraka, huku tukingoja gundi ishike. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba la mzungu mpaka akanunua akodioni, na vijana wa pande hizo wote walimjua. Alimwoa msichana aliyekuwa akicheza naye. Alisema hakumtongoza kwa maneno. Alimpigia tu, na yeye alijua anapigiwa. Hawakuwa wamekaa sana serikali ya wazungu ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya msituni. Mikutano ya ngoma ikakatazwa, na mwenye akodioni akawa mtu wa kushukiwa, maana alijulikana kukusanya watu. Askari walimchukua asubuhi, akiwa anakamua ng'ombe. Jioni ile ile, kabla askari hawajarudi kupekua, kaka yake alitoa akodioni darini akaitupa motoni. Mke wa mzee alimsihi aizike tu. Kaka akasema kitu kilichozikwa huchimbuliwa.

Mzee alizungushwa kambi za kizuizini, moja baada ya nyingine. Huko nyuma watu wake walihamishwa, wakarundikwa katika kijiji kimoja chenye handaki la kukizunguka, na mkewe akafa humo kwa homa ya matumbo. Wagonjwa walikuwa wengi, wakazikwa pamoja, na vijiji vilipovunjwa baadaye pakalimwa. Aliporudi alimwomba kaka yake amwonyeshe kaburi. Walizunguka pamoja katika shamba la viazi, kaka akisema ni hapa, kisha akisema labda ni pale, mpaka wote wawili wakarudi nyumbani.

"Na shamba?" nilimwuliza, kwa maana nilijua baba yao alikuwa na ardhi kubwa.

"Lilipimwa nikiwa ndani. Aliyekuwepo ndiye aliyeandikwa."

"Lote?"

"Lote."

Nilimwuliza kama hakumdai. Alivuta akodioni polepole kuangalia kama hewa bado inatoka. Alisema siku aliyorudi alimkuta kaka yake amezeeka, na watoto wamezaliwa ambao hawakujua yeye ni nani. Kaka alimwambia, "Hatukujua kama ungerudi." Yeye mwenyewe hakuwa amejua. Aliomba kazi mjini, akawa askari wa langoni, na kwa miaka mingi hawakusemezana ila kwenye mazishi. Siku kaka alipomwita na kumwonyesha ghala, alimwambia tu, "Hapo unaweza kupigia kelele zako." Naye akaingia.

"Ilikuwa njia yake ya kusema," mzee aliniambia. "Tangu hapo hajasema zaidi, na mimi sijamwuliza."

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilikuwa msichana, na niliona ghala moja la mabati badala ya nusu ya shamba ni dharau. Nilimwambia hivyo. Alifunga akodioni, akasema gundi imeshika.

Hayo yake niliyajua mapema. Ya Haboba yalitupata sote tukiwa pale.

Alizaliwa Kibera wakati ilipokuwa bado msitu na mashamba, katika nyumba ya askari mstaafu aliyepewa mahali pa kukaa kwa sababu ya utumishi wake. Alikuwa akitusimulia miembe, ng'ombe, na uwanja mkubwa wa harusi ambako ngoma ilianza alasiri na kila ukoo ukaja na wachezaji wake. Nyumba ya baba yake ilivunjwa baada ya uhuru, zikajengwa nyumba za mawe za watu wengine, na yeye akahamia Silanga, karibu na bwawa, katika vyumba viwili vilivyopakana na vishamba vya sukuma wiki. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo aliolewa na dereva wa lori, Mnubi wa Bombo, kule Uganda. Nilipomfahamu Haboba, binti yake alikuwa ameshaondoka. Madereva walileta salamu. Wakati mwingine kanga, wakati mwingine kahawa, na kila mara Haboba alikuja ukumbini siku ile amejipaka manukato.

Wakati wa vita vya Uganda salamu zilikoma. Tulisikia redioni kwamba serikali ya huko imeanguka, na watu wa Kawangware wengi walifurahi. Haboba alikuja kufundisha kama kawaida. Kisha wakaanza kufika Kibera watu wa kwao waliokimbia, na wakaja na habari kwamba Wanubi wanalipizwa kisasi kwa kuhesabiwa watu wa serikali iliyoanguka, nyumba zinachomwa, watu wanafukuzwa hata na majirani waliokula nao. Kila alipofika mtu mpya, Haboba alienda kumwuliza. Wengi walitoka miji mingine. Siku moja aliambiwa kuna mwanamke ametoka upande wa Bombo. Aliniambia, "Twende wote. Nikisikia vibaya, nisiwe peke yangu njiani."

Tulitembea kwa kupitia barabara ya Ngong, tukateremka Kibera. Njiani alizungumza juu ya bei ya makaa. Nyumba tuliyoingia ilikuwa imejaa watu, na mwanamke mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, mguu mmoja umefungwa kitambaa, akinywa uji. Alikuwa wa rika la binti yake. Haboba aliketi mbele yake, akamsalimu kwa lugha yao, kisha wakaingia Kiswahili, na mimi nikafuata.

"Pole kwa safari, mwanangu. Wewe ni wa Bombo?"

"Karibu na hapo, mama."

"Unamjua dereva mmoja wa lori anayechechemea kidogo? Nyumba yake inapakana na kinu."

"Namjua. Mkewe ni mrefu. Msichana wa huku."

"Ni wangu huyo."

Yule mwanamke aliweka kikombe chini.

"Mama, sisi tulitoka asubuhi sana. Wao tuliwaacha wanafunga mizigo. Mumewe alisema hawezi kuja Kenya, njia imefungwa, ataelekea kaskazini kwa jamaa zake, Sudan. Sikuwaona tena."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Alikuwa anatembea polepole tu kwa sababu ya ile hali yake."

"Hali gani?"

Yule mwanamke akanitazama mimi, kama kwamba ningeweza kumsaidia. "Alikuwa mjamzito, mama. Nilidhani unajua."

Haboba alimshukuru. Alimwuliza kama mguu unauma, akamwambia dawa ya kuupaka, akakaa pale mpaka uji ukaisha ili asionekane amekuja kwa shida yake tu. Tulipotoka hakulia. Alisimama karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza makaa, akaangalia bwawa kwa muda, akasema, "Hakunitumia neno. Alitaka nione kwa macho yangu." Kisha akaniambia nirudi kwetu kabla mama hajawa na wasiwasi.

Wiki ile ile alikuwa akiwafundisha wasichana mchezo wa bibi harusi. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja mrefu, mwenye shingo nzuri, na Haboba alimweka mbele. Ngoma ilikuwa ikienda vizuri. Halafu ikanyamaza katikati, na nilipogeuka nikaona mikono ya Haboba bado iko juu ya ngozi lakini haipigi, naye anatazama ukuta. Wasichana walisimama hawajui la kufanya. Mzee alianza kuinuka kutoka kitini kwake. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nilikaa chini kando yake, nikavuta ngoma kidogo upande wangu, nikapiga. Nilikosea mwanzoni, kisha nikapata. Wasichana waliendelea. Haboba aliondoka akaenda kunawa uso.

Baada ya siku hiyo wanafunzi wadogo walianza kuniita mwalimu. Nimeulizwa mara nyingi nilianzaje kazi hii, na huwa nasema nilipenda muziki tangu utotoni. Ni kweli, lakini sivyo nilivyoanza.

Miaka iliendelea. Haboba aliendelea kuuliza, kwa madereva, kwa masheikh waliosafiri, kwa wachuuzi. Mara mtu alisema amemwona mwanamke kama huyo mahali fulani, mara ikawa si yeye. Sisi wengine tulizoea. Hata yeye nadhani alizoea, ila siku za Idi hakufundisha.

Kisha yule kaka mkubwa akashikwa na ugonjwa wa figo. Jumamosi benchi lilibaki bila mtu, na mzee akawa anakosea nyimbo anazozijua. Siku moja mtoto wa kaka yake alikuja kumwita. Mzee aliniomba nimbebee akodioni, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua, na tukaenda mpaka ile nyumba ya mawe iliyoko juu ya kilima. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Mgonjwa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, na wanawe wakubwa watatu walisimama ukutani, wamevaa suti kana kwamba wametoka kanisani.

"Umekuja nayo?" mgonjwa aliuliza.

"Nimekuja nayo."

"Ngoja kwanza. Nataka kusema neno juu ya shamba. Nataka hawa wasikie."

Niliona wale vijana wakitazamana. Mkubwa wao alipiga hatua mbele. Niliwaza, sasa. Niliikumbatia akodioni kama kwamba ardhi ile ilikuwa ya baba yangu mimi.

Mzee alimshika kaka yake mkono. "Pumzika," alimwambia. "Maneno hayaishi leo."

"Yataisha."

"Pumzika, ndugu yangu. Sikiliza kidogo."

Alinyoosha mikono, nikampa akodioni. Alipiga wimbo wa zamani wa mwomboko, taratibu, sauti ikiwa chini kiasi kwamba ulisikia vidole kwenye vitufe. Mgonjwa alifumba macho. Machozi yalimtoka yakateremka kwenye masikio, na hakuyafuta. Mzee hakuacha mpaka kaka yake aliposinzia. Kisha akaaga, tukatoka. Siku chache baadaye yule kaka akafa, na neno lake halikupata kusemwa.

Nilimwuliza tulipokuwa tukirudi kutoka mazishini. Sikumwuliza kwa adabu. Nilimwambia, "Mwalimu, ulimnyamazisha kwa nini? Alitaka kukurudishia."

"Ulimwona yule mkubwa alivyomtazama baba yake?"

"Nilimwona."

"Sikutaka afe akitazamwa hivyo."

Nilimheshimu, na mpaka leo sijui kama alifanya vyema. Wale vijana walingoja mpaka mvua zilipokwisha. Yule mkubwa alikuja ukumbini mchana, kofia mkononi, mwenye adabu zake zote.

"Baba mdogo, tutahitaji hii nyumba. Wapangaji ni wengi, na sisi tuna watoto wanaosoma."

"Ni haki yenu," mzee alimjibu.

"Unaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi."

"Haina haja. Sisi vitu vyetu si vingi."

Haboba alibeba ngoma zake, mimi nikabeba kile chuma na viti viwili, mzee akabeba akodioni. Baadhi ya wanafunzi walitusindikiza wakidhani tunahamia mahali pengine pazuri zaidi. Ghala lilikatwa vyumba. Sikwenda kuangalia.

Mzee alipanga chumba Kongo, nyumba ya nne kutoka kwetu, na mama yangu, ambaye zamani alimsema, ndiye aliyekuwa akimpikia. Aliendelea kufundisha vijana wawili watatu mlangoni pake, lakini mikono ilianza kutetemeka, na mtu wa akodioni mkono wa kushoto ukimkataa hana la kufanya. Aliwaambia vijana wachukue hicho chombo wakipige wenyewe, yeye atawasikiliza. Alikufa asubuhi moja akiwa ameketi kitini, chai haijapoa. Tulituma habari kule juu. Walileta jeneza zuri na gari. Lakini kuhusu kaburi walisema shamba limegawanywa, kila sehemu ina mwenyewe, na ni vigumu kuamua azikwe kwa nani. Akazikwa makaburi ya mji, Lang'ata, yeye ambaye baba yake na babu yake walizaliwa na kuzikwa Kawangware. Haboba alikuja, akasimama mbali kidogo kwa vile ni mwanamke na desturi yao ni nyingine. Kaburi lilipojaa alikaribia, akachukua udongo kiganjani, akautupa, akasema maneno ya Kiarabu ambayo sikuyaelewa. Mmoja wa wale watoto wa kaka alimwuliza yeye ni nani. "Tulifanya kazi pamoja," alimjibu.

Baada ya hapo mimi na Haboba tulifundisha Silanga, uani kwake, juu ya udongo uliofagiliwa. Watoto wa Kibera walikuja wengi, wa makabila yote, na wengine walikuja kwa sababu tu hawakuwa na mahali pa kwenda. Walinisalimia "Vipi, ticha?" na nikawajibu "Fit," kwa lugha yao ya mtaani, jambo ambalo Haboba hakulipenda.

Ndipo alipokuja yule mwanamume kutoka Sudan. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu mzima mwenye kanzu, na alikuwa ametafuta nyumba ya Haboba kwa kuuliza msikitini. Niliwaacha watoto wakirudia hatua, nikamletea maji. Alikataa kunywa kabla ya kusema.

"Mama, mimi najuana na mkweo. Alinipa amana ya maneno, na nimechelewa kuifikisha. Nisamehe."

"Sema, mwanangu."

"Binti yako alijifungua walipovuka mpaka. Mtoto wa kiume. Homa ilimshika binti yako mvua zilipoanza, wakiwa bado njiani. Hakukaa."

"Mwaka gani huo?"

"Mwaka ule ule, mama. Mwaka wa kukimbia."

Haboba alitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu kitu. "Nani alimwosha?"

"Wanawake waliokuwa wakisafiri pamoja. Walimjua kwa jina. Alizikwa kwa heshima."

"Na mtoto?"

"Yupo kwa baba yake. Mkubwa sasa. Baba yake ameoa tena huko. Hawatarudi upande huu."

Mgeni alikunywa maji, akapumzika, akaenda zake. Haboba alibaki kwenye kigoda. Uani watoto walikuwa bado wakipiga na kucheza, hawakujua kitu, na nilipotaka kwenda kuwanyamazisha alinishika nguo.

"Waache," alisema. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilikuwa nikimwombea safari njema. Kumbe nilipaswa kumwombea rehema."

Hitima ilisomwa siku ya Ijumaa. Wanawake wa kwao walikuja, wakapika kwenye masufuria makubwa, na mimi niliosha vyombo pamoja nao. Mama yangu alitembea kutoka Kawangware na kikapu cha mboga, akaketi na wale wanawake Waislamu tangu asubuhi mpaka jioni bila kuelewa nusu ya yaliyosemwa. Watu walipotawanyika nilimwuliza Haboba kama tutafundisha Jumamosi ile.

"Jumamosi hii hapana," alisema. "Labda ijayo."

Jumamosi iliyofuata alifungua mlango, akaketi ndani ambapo tungeweza kuona ukingo wa nguo yake. Nilifundisha peke yangu. Watoto walipokosea alikohoa, nami nikawarudisha mwanzo. Hivyo tuliendelea kwa msimu mmoja. Halafu kukohoa kukapungua, na siku nyingine watoto walikosea vibaya na hakukohoa kabisa. Nilichungulia, nikamwona ameamka, macho yako wazi, mikono imelala mapajani.

Jumamosi moja nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Sikugonga. Niliwakusanya watoto upande wa pili wa ua, karibu na vishamba vya sukuma, nikawaambia leo tutapiga ngoma kwa vidole tu, taratibu, tusimsumbue Haboba.